Ndege Wekundu wa Kaka Yako

Nyumba za Reli,
Nakuru.
14 Septemba, 1956.

Mpendwa wifi Nekesa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Habari za Jinja, na za bwana yako Khaemba? Kile kikohozi chako kimepoa? Sisi tu wazima, ila baridi ya mwezi uliopita ilitutesa.

Nilipokuandikia kwamba kaka yako Micah ameanguka kutoka juu ya paa alilokuwa akilitengeneza, akavunjika nyonga, sikukueleza lililonitisha zaidi. Alikuwa ameacha kuongea. Alilala akitazama ukuta, na wageni wakija alijifanya amesinzia.

Siku moja nilikuwa karibu naye nikishona maua ya kitambaa cha meza, kazi ya chama chetu cha akina mama. Uzi ukafungana, nikashika makasi. Akasema, "Usikate. Lete hapa." Aliufungua polepole, na kitambaa hakunirudishia tena.

Alipokimaliza akataka kazi kubwa. Nikampa gunia safi, tukalinyoosha kwenye fremu ya mbao, nikafumua sweta kuukuu za watoto tupate uzi wa sufu. Alichora kwa makaa ziwa letu na wale ndege wekundu, akaanza kuujaza mchoro kwa uzi. Mishono yote sharti ilale upande mmoja, na ukivuta uzi sana gunia linapinda. Palipopinda alifumua, hata ikiwa ni kazi ya siku nzima. Rangi ya ndege aliipata kwa kutunga uzi mwekundu na mweupe pamoja katika sindano moja.

Jirani yetu Dalmas alikuja akacheka. "Micah, siku hizi wewe ni mke wa pili hapa?"

"Shika sindano kidogo, kisha useme," kaka yako akamjibu. Dalmas alijidunga kidole, akairudisha sindano.

Jumamosi iliyopita chama kilionyesha kazi zetu ukumbini. Nilibeba ile ya Micah bila kumwambia mtu. Mwenyekiti wetu, Mama Anyango, akasema, "Hiki ni chama cha wanawake. Kazi ya mwanamume tutaiweka wapi?"

Nikamwambia, "Iweke mbele. Watu wakiuliza nitajibu mimi."

Wifi, watu walijaa pale hadi meza nyingine zikabaki tupu. Mzee mmoja akauliza ni nani aliyeshona. Kabla sijafungua mdomo, nikasikia sauti mlangoni: "Ni mimi." Kaka yako, alipoikosa kazi yake nyumbani, alikuwa amekuja mwenyewe kwa magongo yake, amevaa koti la kanisani. Watu wakampisha. Mama Anyango ndiye aliyemletea kiti, akamwomba awaonyeshe jinsi ya kuchanganya nyuzi. Alisema mpaka sauti ikakauka, nami nikasimama nyuma yake nikijiona mrefu kuliko wote.

Sasa anamshonea mama yenu mto wa kiti, wenye picha ya shamba la mahindi la kwenu. Anataka ampelekee kwa mkono wake Krismasi.

Nisalimie Khaemba, na Rasoa mdogo, na shangazi Nasimiyu. Mungu awafunike na kuwapa usingizi mwema.

Mimi wifi yako, nikupendaye siku zote,
Nanyama