Pedali Nyekundu ya Siku Tatu

Jumatatu, 9 Februari
Mifuko sitini ya simiti leo, kutoka lori hadi stoo. Vidole vinawaka. Nimevipaka mafuta ya kupikia na bado vinawaka.

Kioko, fundi wa mawe hapa mjengoni, anaoa Jumamosi. Ndugu za bibi harusi watatoka Mwingi. Bendi ni sisi vibarua watatu: Musembi besi, Kilonzo ngoma, mimi gitaa. Musembi ndiye mkubwa wetu. Leo ameniambia mbele ya watu kwamba mara ya mwisho gitaa langu lililia kama mbu ndani ya debe. Nisipopata sauti nene kufikia Jumamosi, ataita mtu wa kinanda. Hakuwa anatania.

Nimeumia. Nina miezi tisa hapa Garissa. Mchana kutwa mimi ni mgongo tu, wa kubeba. Nikishika gitaa ndipo nakuwa Kyalo. Wakiniondolea hilo, itabaki mifuko ya simiti.

Jumanne, 10 Februari
Nimepata! Mtaa wa Iftin, kwa Hassan, fundi wa simu. Nilienda kununua chaja, nikaona kisanduku chekundu chini ya rundo la rimoti mbovu. Pedali ya gitaa, ile ya kukoroga sauti. Rahisi kuliko zote, jina lake sijawahi kulisikia. Hassan mwenyewe hakujua ni kitu gani. Alidhani ni ya kuwashia taa kwa mguu.

Nimeikagua kama ninavyokagua kazi ya watu. Juu chuma, kizito kidogo, vizuri. Chini plastiki. Skrubu nne, moja si ya kwao. Vitufe vitatu vya kuzungusha, viwili vinacheza kama meno ya mtoto. Mfuniko wa betri mwembamba, utapotea. Swichi ya kukanyaga ngumu, inalia ‘kak’. Rangi imepakwa na mtu mwenye haraka.

Nilimwambia siwezi kuinunua bila kuisikia. Akasema kwa lafudhi yake ya Kisomali, p ikiwa b na v ikiwa f, “Walaal, ndugu yangu, chukua. Siku tatu. Ukiibenda, tutaongea bei. Usiboibenda, rudisha kama ilifyo. Hiyo ni khiyari, sisi tunauziana hifyo.” Hakuandika jina langu. Hakuuliza ninalala wapi. Mimi na yeye tunajuana kwa chaja tu.

Nimerudi nikitembea kama mtu aliyebeba yai.

Jumatano, 11 Februari
Baada ya kazi, chumbani tunamolala sote watatu, nimeichomeka kwenye amplifaya ya Musembi, yeye akiwa sokoni.

Kitufe cha mkorogo kikijaa: mashine ya konkriti yenye kokoto kavu. Ukipiga nyuzi zote sita husikii wimbo, unasikia ajali. Kikifika nusu: nyuki. Kikiwa robo, Mungu wangu. Sauti imenenepa. Imepata kifua. Uzi mmoja unashikilia mpaka unachoka kuungoja unyamaze. Nilipiga zile nyimbo za nyumbani Kibwezi na nywele za mikono zikasimama. Jenereta la jirani likiwaka inaongeza mvumo, lakini ukipiga huusikii. Kilonzo alitoka bafuni na povu kichwani kuuliza ni nani huyo anapiga.

Nilicheka peke yangu. Sikumbuki lini nilicheka peke yangu.

Halafu nikafanya upumbavu. Lazima niuandike.

Hapa kazini tofali haliaminiwi kwa macho. Unaligonga, unasikiliza. Kisha unaliinua mpaka kiunoni, unaliachia kwenye ardhi ngumu. Lisipovunjika unajengea. Nafanya hivyo kila siku, mara nyingi, bila kufikiri. Nimetoka nje na pedali nikijisemea, sauti iko, sasa tuone umbo. Nikaigonga. Nikaiinua kiunoni. Nikaiachia.

Mkono ulifanya. Kichwa kilifika baadaye.

Haikupasuka. Lakini swichi imezama ndani na haitoki. Pedali imewaka na haizimiki. Kitu cha watu. Rudisha kama ilivyo, alisema.

Alhamisi, 12 Februari
Sikula mchana. Nimeifungua kwa kisu cha jikoni. Ndani kuna kimkono kidogo kama mguu wa panzi, kimepinda. Mimi nanyoosha vyuma vya nguzo kwa mikono yangu. Hicho kimenishinda. Nimeifunga pedali tena kabla sijaiharibu zaidi.

Musembi aliniita tukiwa tunachekecha mchanga.
“Ile sauti umepata?”
“Nimepata.”
“Inalia?”
“Inalia.”
Sikusema hainyamazi.

Shida kubwa ni wimbo wa kumwingiza bibi harusi. Wa polepole, unataka gitaa safi kama maji. Mwende, bibi harusi wa watu, ataingia kanisani na mngurumo wa trekta. Nikiichomoa, sauti nene anayoitaka Musembi nitaitoa wapi? Na kwa Hassan sijui nitaweka wapi uso. Naweza kusema niliipata hivyo. Yeye hakuijaribu, hatajua. Nimelifikiria hilo kwa muda mrefu. Nimeona aibu.

Ijumaa, 13 Februari
Mjengo ulisimama mapema kwa ajili ya sala. Nilimwahi Hassan akifunga duka. Nimemwambia yote, haraka, kabla woga haujanikamata.

“Umeiangusha?”
“Nimeiangusha.”
“Kwa bahati mbaya.”
“Hapana. Nilikuwa naipima. Kama tofali.”

Alinitazama. Kisha akakaa chini kwenye ngazi ya duka lake na kucheka mpaka kofia ikamtoka. Akamwita muuza vitambaa wa jirani. “Abti, njoo usikie! Huyu mtu wa Ukambani anabima mashine kwa kuibiga chini!” Muuza vitambaa akauliza kama simu pia tunazipima hivyo. Nimechekwa na mtaa mzima. Nilistahili.

Hassan akafuta machozi. “Sasa khiyari imekwisha. Kitu kikiharibika mkononi mwako, umenunua. Ni yako. Mubarak.” Swichi ya kubadilisha hana. Akaikanyaga ngazi yake, imemomonyoka pembe zote. “Tufanye hifi: hii ngazi tengeneza, Jumabili. Besa sitaki.”

Ngazi! Kazi ya asubuhi moja! Nilimshika mkono kwa mikono miwili.

Kwa hiyo nina pedali. Pedali isiyozimika.

Jioni nilikaa nayo. Nyimbo zote nimepiga, wa polepole ukawa balaa kila mara. Nikakasirika, nikataka kuliweka gitaa chini, na kidole kidogo kikagusa kitufe cha sauti cha gitaa lenyewe. Hicho siku zote nakiacha kimejaa, tangu nijue kupiga. Kilirudi nyuma kidogo. Mngurumo ukarudi nyuma nao. Nyuzi zikasikika moja moja, safi, zenye joto kidogo chini. Nikakijaza: ngurumo. Nikakirudisha: maji.

Miaka kumi na minne napiga gitaa. Hakuna aliyeniambia.

Jumamosi, 14 Februari
Nimechoka kwa utamu. Naandika kidogo.

Ibada ilikuwa nje, uwanjani mwa kanisa, na jua kali hata gundi ya miguu ya pedali ikayeyuka. Ikawa inateleza kama sabuni. Nimeibana katikati ya mawe mawili.

Mwende aliingia na sauti ya maji. Kidole kidogo kilikaa kwenye kitufe. Alipofika kwa Kioko, nikakifungua polepole, polepole, mpaka mwisho. Gitaa likaamka. Mama zake kutoka Mwingi wakapiga vigelegele kabla ya mchungaji kusema lolote. Shangazi mmoja, mzito, mwenye fimbo, aliitupa fimbo akaingia uwanjani. Kilonzo alivunja kijiti cha ngoma akaendelea na mwiko. Vumbi mpaka magotini.

Hassan alisimama langoni na simu yake juu. Aliniinulia kidole gumba.

Musembi hakunisifu. Hajui kusifu. Alinikaribia tukikunja nyaya, akasema, “Yule wa kinanda akae kwao.”

Jumapili, 15 Februari
Nimetengeneza ngazi. Pembe zote mpya, nimezilainisha kwa mwiko mpaka Hassan akakataza watu kupita kabla hazijakauka. Wateja waliruka.

Kuhusu pedali, nikiulizwa nitasema hivi. Chuma kizuri. Swichi mbovu. Vitufe vimelegea, mfuniko wa betri nimeufunga kwa mpira. Kwa mtu anayetaka kukanyaga na kuzima, asinunue. Kwa muziki wa benga, kitufe kikiwa robo, sijasikia tamu kuliko hiyo.

Jumatatu, 16 Februari
Leo tumemwaga konkriti ya ghorofa ya pili. Karai kutoka mkono hadi mkono, watu ishirini kwenye ngazi za mbao. Mgongo unauma palepale.

Karibu na saa nne mtu wa chini kabisa akaanza kuimba ule wimbo wa juzi wa kumwingiza Mwende. Si maneno. Gitaa. Meno amefunga, anauvumisha puani, ngrrr, ngrrr. Wa juu yake akapokea. Karai likapanda na sauti ikapanda nalo, mpaka ikanifikia.

Nilipokea, nikapitisha.