Kufuli Mbili za Robine Yetu

Mjukuu wangu Zaituni,

Asalaam aleikum kutoka Kamenge. Babu yako bado anakohoa. Dada yako amejifungua msichana, alhamdulillahi. Umeniuliza, wewe unayesomea mambo ya maji huko mbali, kama kweli wakati wa vita mitaa miwili iliweza kugawana robine moja, bomba moja tu la maji.

Tuliweza. Sanduku la robine lilikuwa na kufuli mbili: ufunguo mmoja nilikuwa nao mimi, wa pili Mama Fidesi wa mtaa wa jirani. Kila asubuhi tulifungua pamoja, watu wa pande zote wakajaza bido zao, yale madumu ya plastiki.

Kisha kaka yangu akauawa njiani, upande wao. Nikaficha ufunguo. Mama Fidesi akaja mlangoni.

"Mama Rajabu, mi sikuua mutu. Kuya tufungue."

"Apana."

Siku tatu alirudi, siku tatu nilikataa. Nilidhani nimewafungia wao. Kumbe mitaa yote miwili ilikuwa inakunywa maji ya mto, na kipindupindu kikaingia.

Siku ya nne nilikwenda mwenyewe mlangoni kwake. Mama Fidesi alikuja nami kwenye robine, akaingiza ufunguo wake. Siku zote yeye alibeba bido kubwa, na binti yake alibeba ile ndogo ya manjano. Siku ile alijaza ile kubwa tu; binti yake alikuwa amechukuliwa na kipindupindu.

Usinijibu kwamba nilikuwa na uchungu, najua. Ufunguo wangu umo ndani ya bahasha hii. Uweke mezani unaposomea hayo mambo yako ya maji.

Bibi yako