Kuhe Wabichi na Kipaza Sauti

Mshauri wetu wa redioni, nisaidie kabla ya Jumamosi. Jana kaka yangu mkubwa, Bonaventura, alitamka kwamba mke wangu Marsiana ni mkaidi, na Jumamosi saa nne ukoo unakaa kikao Kidahwe kuamua kama arudishwe kwao. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya ufukwe wa Katonga, ndiye ninayepita na kipaza sauti kutangaza kwamba ziwa limefungwa ili samaki wazaliane, sasa Jumapili kaka alikuja kwangu Buzebazeba na wazee wawili, nikaona aibu mtu wa ziwani kuwalisha wageni maharage, nikaingia majini alfajiri na ndoana, nikapata samaki wanene, kuhe, nikamwambia Marsiana apike, akaitika, "Haya, baba Diana," na mwanamke huyu hajawahi kunipinga, tukakaa tunapiga soga, akatoka na sinia, akapiga magoti, akaliweka mbele yangu, kumbe ni kuhe wale wale wabichi na kipaza sauti changu juu yao, akasema polepole, "Watangazie wageni kwanza, ndipo nipike." Kaka akafoka, "Mdogo wangu, umeolewa wewe!" lakini mimi nilikuwa natazama mikono ya Marsiana, bado imelishika sinia, na tangu siku ile nikimwona hata anafagia uwanja natamani kumwamkia shikamoo. Je, kweli huyu ni mkaidi? Jina langu usilifiche.

Vedasto, Buzebazeba

Vedasto, pole kwa aibu, ila umeipika mwenyewe.

Kukaidi ni kulisikia agizo halali, kulielewa, kisha kulipa kisogo kwa makusudi. Mwanafunzi humkaidi mwalimu, dereva humkaidi trafiki, mvuvi hukaidi amri ya kufunga ziwa. Marsiana alitii agizo ulilolitangaza wewe, kwa sauti yako. Ulimtaka akusaidie kulivunja, naye akakurudishia kipaza sauti kwa magoti. Neno la kaka yako lina mwenyewe, na si Marsiana.

Hiyo shikamoo inayokukaa kooni usiione ajabu. Ni heshima, imechelewa tu.

Hukutaka jina lifichwe, na redio hii inasikika mpaka Kidahwe, kwa hiyo hakuna siri tena. Kesho asubuhi nenda mwenyewe kwa ofisa uvuvi, jieleze, ukubali adhabu hata kama ni kuvuliwa uenyekiti. Kwenye kikao usimwache mkeo ajitetee. Simama wa kwanza, waambie wazee nani alikaidi, na alikaidi nini. Ni Jumamosi, saa nne. Kipaza sauti uende nacho.