Vumbi la Kamituga

Bukavu, Alhamisi

Kumbe ni mimi nimechaguliwa! Wenye mkutano watanilipia safari, niende kuwaonyesha watafiti wa mikroskopi ya elektroni picha yangu ya vumbi la mawe ya Kamituga. Na mashine yenyewe sijaiona hata siku moja. Mtafiti mwenzangu wa Ulaya ndiye alinipigia ile picha.

Nikamukimbilia Papa na simu. Baba yangu huyu alitwanga mawe kule Kamituga miaka mingi, akitafuta dhahabu.

Aliangalia zile chembe, kali kama vipande vya chupa. Akakohoa. "Hii ndiyo iko mu kifua yangu?"

Miezi yote hii naitazama picha hiyo, na sikuwaza kwamba...

"Enda uwaonyeshe," akasema. "Lakini maman yako asiione."