Ua Liitwalo Angelina

Kasingirima, Ujiji
21 Februari 1999

Mdogo wangu mpenzi Skolastika,

Salamu zangu zikufikie hapo Urambo, na zikukute umekaa kitako, ingawa najua wewe hukai. Mimi mzima, isipokuwa magoti, ambayo kila mvua ikinyesha yananikumbusha mwaka niliozaliwa. Shemeji Pastory hajambo? Kile kikohozi cha moshi wa tumbaku kimemwacha? Na Kalisti bado anakua kwenda juu bila kunenepa? Mwambie mama yake mkubwa anamuulizia. Huku mvua ipo, dagaa wapo, ziwa limetulia. Tunashukuru.

Nianze na la furaha. Harusi ya Recho ni baada ya Pasaka. Nisiseme mengi kuhusu mtoto wangu mwenyewe, lakini hapa Kasingirima sijaona msichana aliyeposwa kwa adabu kama ile. Oswald, mchumba wake, ni mtu wa reli, anafanya kazi kwenye mabehewa ya abiria, na viatu vyake ukivitazama unajiona uso. Padri kasema maua ya altareni siku hiyo yatoke uani kwangu, si kwa Rozalia, mke wa balozi wetu wa nyumba kumi. Nilipoambiwa niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, kisha nikapita kwa Rozalia kuomba chumvi, ili asikie kutoka kwangu.

Nyumba hii hujaiona tangu nilipohama Mwamgongo baada ya marehemu kuniacha, kwa hiyo nikuchoree kwa maneno. Ua wangu si mkubwa, lakini hauna mahali pa kuweka mguu. Kila chombo kilichotoboka nimekitilia udongo: sufuria, beseni la Recho la utotoni, makopo ya mafuta ya msaada. Desturi yetu wanawake wa mtaa huu ni kwamba mche haushukuriwi. Ukisema asante, unakauka. Badala yake, ua unaliita jina la aliyekupa. Asumini iliyo dirishani inaitwa Mwavita, kwa sababu alinipa Bi Mwavita muuza dagaa, jirani yangu. Bogenvilia ni Rozalia, na kwa kweli inachoma kama mwenyewe. Asubuhi mtu akipita nje atanisikia nasema Mwavita kanywa, Rozalia bado, Rozalia akatwe matawi, na mgeni anaweza kudhani nimerukwa na akili.

Na lile krotoni lako la majani yaliyojisokota kama utambi linaitwa Skolastika. Hilo ndilo jicho la ua mzima. Hakuna mtu aliyeingia hapa akatoka bila kusimuliwa jinsi ulivyolituma kwa treni ndani ya gunia bichi, likafika limekauka, limebaki jicho moja tu la kijani, nikakulaumu kwamba umenitumia kijiti cha kuni, nikaliweka chini ya mtungi wa maji linywe matone, likafufuka. Nimeisimulia hadi Bi Mwavita ananisaidia kumalizia. Mtaa mzima wanakujua kwa mkono wako, na sura yako hawajaiona.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mwaka jana, vita vilipoanza tena ng'ambo ya ziwa, Bi Mwavita alinijia na mwanamke aliyemkuta Katonga, pale boti zinapoteremsha watu na samaki. Jina lake Angelina, katoka Baraka, huko huko ng'ambo. Hakuwa na kitu ila kitenge alichovaa. Usiku wa kuvuka watu waligombania boti, binti yake Elida akasukumiwa kwenye boti nyingine, na boti ile haikuonekana Kigoma. Wengine wanasema iliteremsha watu kusini huko, wengine wanasema mengine. Umri wa Elida ni kama wa Kalisti. Nilimpa Angelina chumba cha nyuma. Sikumuuliza karatasi. Babu yetu alivuka ziwa hilo hilo na wavu begani, na sijasikia kwamba aliulizwa karatasi.

Ni mtu wa kunyamaza. Asubuhi ananisaidia kumwagilia, na majina ya maua aliyashika kuliko Recho. Akimaliza anateremka Katonga, anauliza kila boti inayofunga. Kila siku. Jioni anarudi, anaosha miguu, anaingia ndani. Mwanzoni nilikuwa namuuliza habari za huko. Siku hizi natazama tu anavyofungua mlango.

Miezi miwili iliyopita balozi wetu, Mzee Dismasi, alikuja na mabwana wawili wanaokagua nyumba, kwa sababu mkimbizi anatakiwa awe kambini. Hawakuja kwa ubaya, walipiga hodi kama watu. Na kambi siisemi vibaya, kuna chakula na kuna dawa. Lakini kambini Lugufu hakuna ziwa, Skolastika. Hakuna boti inayofunga pale.

Walimkuta Angelina kashika kopo la maji. Bwana mmoja akauliza huyu nani. Mdomo wangu unaujua, huwa unafika kabla yangu. Nilimjibu kwamba huyu ni mdogo wangu, tumbo moja, Skolastika wa Urambo, kaja kunisaidia harusi.

Ndiyo, mdogo wangu. Nimelitoa jina lako mchana kweupe, na wewe uko shambani hujui.

Bwana yule akamsalimia Angelina ili amsikie anavyoongea, akasema lafudhi hii ni ya ng'ambo. Nikamwambia na yangu ni hiyo hiyo, na babu yetu ni wa huko, na kama watu wanakamatwa kwa kuvuta maneno basi waanze na nusu ya Katonga. Mzee Dismasi alikohoa, akatazama juu. Mama yake mzazi pia ni wa huko.

Hapo Rozalia, ambaye hukosi kumkuta panapokaguliwa nyumba ya mtu, akachungulia kutoka mgongoni mwa mumewe. Akasema kumbe ndiye huyu Skolastika tuliyechoshwa naye masikio. Haya, kwa kuwa mkono wake unasifiwa kuliko wa Bikira Maria, atuonyeshe ni ua gani alilolileta yeye. Alisema kwa kicheko, lakini macho yake hayakucheka. Yule bwana aliona hilo ni jambo la maana, akakunja mikono kungoja.

Nikajikuta nachuma jani bichi la Mwavita. Mimi!

Angelina akaweka kopo chini. Akapita asumini, akapita bogenvilia, akaenda moja kwa moja kwenye krotoni, akalishika jani kama unavyomshika mtoto sikio. Akasema hakulileta, alilituma kwa treni, na dada yake akamtukana mwaka mzima kwamba ametumiwa kijiti cha kuni. Kisha akauliza, kwa ile sauti yake ndogo, kama mtungi ule niliouweka juu yake bado ninao au nimeuvunja.

Rozalia aliangua kicheko cha kweli. Akamwambia mumewe ndiye, ndiye huyu, maana hadithi ya kijiti cha kuni yeye amelishwa kama ugali tangu Mama Recho ahamie hapa. Papo hapo akaomba mche. Angelina akamkatia tawi, Rozalia akalipokea bila kusema asante, kama desturi ilivyo, na mabwana wakaaga. Kwa hiyo sasa hata kwa balozi kuna Skolastika. Majirani husema nina majivuno. Sawa, ninayo. Siku ile yalifaa kuliko karatasi.

Nilimgeukia Angelina nikidhani atafurahi. Alikuwa amekaa kizingitini, kopo miguuni. Akaniuliza, Elida akifika sasa atamuulizia nani? Mtoto atateremka Katonga, atasema anamtafuta mama yake Angelina wa Baraka, na watu watamjibu kwamba hakuna Angelina hapa, kuna Skolastika wa Urambo. Hakulia. Aliuliza kama mtu anavyouliza njia.

Nilikwenda kupika.

Tulipokwisha kula alifungua fundo kwenye pindo la kitenge chake. Ndani mlikuwa na mbegu, nyeusi, ndogo kama za mchicha. Alisema ni za ua lililokuwa mlangoni kwao, Elida ndiye aliyekuwa akilipanda kila masika, na yeye mama alikuwa akingoja kuzipanda siku watakayokuwa wawili. Nilimwambia tusingoje. Nilimwondoa Rozalia, nina maana bogenvilia, pale mlango wa mbele penye njia, nikaweka lile beseni la bluu la Recho, tukapanda.

Yameota, mdogo wangu, na juma lililopita ya kwanza yalifunguka. Ua lenyewe si zuri, nisikudanganye. Ni dogo, rangi kama ya maji ya nguo za zambarau, na kufika saa sita limesinyaa. Kwako usingelipa hata kopo. Lakini nimeliita Angelina, kwa kuwa ndiye aliyenipa, na nalisifu Kigoma nzima. Nakwenda Katonga bila kununua samaki, nasimama katikati ya wachuuzi nasema nyie hamjaona ua, njooni kwangu muone Angelina, Angelina wa Baraka, hakuna mfano wake pande hizi. Wananicheka. Wanasema Mama Recho sasa kazeeka vibaya. Acha wacheke, mradi wanalitaja jina.

Jana Bi Mwavita kaniletea habari. Anasema mvuvi mmoja mgeni aliwauliza wachuuzi huyo Angelina anayesemwa kila siku ana nini hasa. Wakamjibu hana lolote, ni ua baya la mama mmoja mwenye maringo, ila ukitaka kwenda kwa Angelina, panda hadi Kasingirima, uliza mlango wenye beseni la bluu.

Hilo tu ndilo ninalolitaka.

Kuhusu harusi, utakuja, usiogope. Utakuja kama Mama Kalisti, wifi yangu upande wa marehemu. Jina la ubatizo hakuna atakayekuuliza. Angelina atakukaribisha kama Skolastika, nawe umwitikie bila kucheka. Ulete na mche mwingine, maana ua lako lina mwenyewe sasa. Barua hii nampa Oswald akukabidhi mkononi. Ukishaisoma, washia jiko.

Recho anakusalimu, Bi Mwavita anakusalimu bila kukujua. Na Skolastika wa hapa anasema shikamoo, na anaomba umsamehe jina atakalokaa nalo kwa muda. Msalimie sana shemeji, umbusu Kalisti kwenye paji kama atainama. Na mtu akikuuliza huko dada yako siku hizi anaringia nini, mwambie anaringia Angelina.

Ni mimi dada yako,
Verediana, Mama Recho