Waliomo Ndani ya Spika

Jumanne, 10 Juni 2025

Hili sijamwambia mtu yeyote. Siku ile ya mwezi wa nne Baba alipomuua nyoka ghalani, nililia mpaka Mama akanikorogea maji ya sukari. Wote wakadhani ni hofu. Haikuwa hofu. Nilimlilia nyoka.

Wakaniita mwoga, nikakubali. Ni rahisi kuliko kueleza. Mimi kueleza siwezi. Darasani kwa Kiingereza sina sauti kabisa, na kwa Kiswahili ninayo nusu.

Na la pili. Kesho yake nilirudi ghalani kuchota maranda ya kutandika banda la mbuzi, nikakuta mayai nyuma ya magunia ya viazi. Meupe, marefu kidogo, ganda laini kama ngozi. Nikayachukua! Mawili yalioza. Matatu nimeyatunza muda wote huu kwenye ndoo ya rangi, ndani ya maranda yenye unyevu, pembeni ya jiko la kuni. Mama anajua nimepanda maua.

Leo yameota.

Watatu! Wembamba kama penseli, kahawia, na kila mmoja ana mstari mweupe huku na huku usoni kama kachorwa kwa chaki. Ni wale nyoka wa majumbani, hawana sumu. Nimewalinganisha na picha za kitabu cha maktaba mpaka macho yameuma. Wawili walitoka mara moja. Wa tatu alitoa kichwa tu, akabaki ndani ya ganda ananitazama. Nikamwambia, toka bwana, hakuna watu.

Akatoka.

Jumatano, 11 Juni

Baridi! Ukungu umekaa mlangoni kama mgeni asiyeaga. Watoto wamejikunja, hawataki hata kutikisika.

Kitabu kinasema wapewe upande wa joto na upande wa baridi, wachague wenyewe. Maficho kila upande. Maji. Mlango usio na upenyo. Kitabu ni cha Kiingereza, lakini wao ni wa huku, nawasalimia Kishambaa — onga makeo! — kwa sauti ya chini.

Nyumba nimepata! Spika la Baba, lile kubwa la mbao, la enzi zake za kupiga muziki kwenye maharusi. Lilikufa zamani, matumbo yakatolewa, mimi ninalitumia kama meza chumbani. Mbele nimebandika wavu wa dirisha, hewa ipite, nikaufunika na khanga kuukuu. Ndani maranda. Kifuu cha nazi kulia, gome la mti kushoto, kifuniko cha chupa cha maji.

Joto ndiyo shida. Hizi balbu za siku hizi hazitoi joto. Niliishika ikiwa inawaka — baridi kama kijiko. Mwanga wa nini? Nyoka hawana homuweki.

Ijumaa, 13 Juni

Nilikumbuka Mama Klara, jirani yetu, aliwahi kulea vifaranga kwa balbu za zamani. Njia nzima nikawa nafanyia mazoezi sentensi moja. Shikamoo Mama Klara, naomba balbu moja ya vifaranga. Shikamoo Mama Klara, naomba balbu moja ya vifaranga.

Mlango akafungua Klara mwenyewe. Sentensi yote ikapotea! Nikasema: Shikamoo.

Akacheka mpaka akashika mlango. Marahaba mjukuu wangu, una shida gani? Tunasoma darasa moja, yeye anaongea na kila mtu, hata na walinzi wa shule.

Nikasema balbu. Ya nini? Ya vifaranga. Vifaranga wa wapi, Husna, kwenu kuna kuku mmoja na ni jogoo!

Alinipa. Lakini alinitazama vile.

Balbu nimeiweka ndani ya kopo la maziwa ya unga, kopo nimelikaza pembeni kwa waya. Hawataungua, na mwanga hauwasumbui. Kipimajoto cha homa cha Mama kiligoma kusoma, kimezoea wagonjwa. Basi nimepima kwa kifundo cha mkono, kama uji wa mtoto. Upande wa kulia, vuguvugu. Kushoto, Lushoto yetu na baridi yake.

Jumapili, 15 Juni

Wawili! Nimehesabu tena na tena. Wawili!

Nilisahau tundu la waya nyuma ya spika. Nimetoa godoro, nguo, madaftari, nimelala chini na tochi. Mama kutoka jikoni: unatafuta nini huko? Kalamu. Kalamu moja ndiyo unahamisha nyumba?

Alikuwa ndani ya kiatu changu cha shule. Yule yule wa kutoka mwisho kwenye ganda. Amejiviringisha kwenye kisigino, ametulia kabisa. Nilitaka kumgombeza, nikaishia kucheka peke yangu kama chizi.

Tundu nimeliziba kwa kizibo cha chupa na gundi. Kiatu nimekipekua kwa kidole mara mbili kabla ya kukivaa.

Jumanne, 17 Juni

Mama ameshika spika!

Aliingia kuchukua ufagio, akaegemea. Husna, mbona spika la baba yako lina moto? Nikasema ni mradi, Mama. Wa joto. (Si uongo. Ni mradi, na ni wa joto.)

Akaweka viganja vyote viwili, akafumba macho. Halafu akatoka. Nikajua kaenda kumwita Baba.

Akarudi na beseni la unga!

Boflo zake, mikate ya kuuza stendi, zimemtesa tangu baridi ianze, unga hauumuki, umenuna. Akalitua beseni juu ya spika, akalifunika na kitambaa, akakaa kitandani kwangu kusubiri. Unga ukapanda! Ukainua kitambaa! Mama akapiga vigelegele, peke yake, chumbani kwangu, juu ya vichwa vya watu watatu aliokuwa hawajui.

Ijumaa, 20 Juni

Anakuja kila asubuhi sasa. Anagonga kwa mguu kwa sababu mikono imejaa. Tunakaa kitandani, tunasubiri unga.

Sijawahi kukaa na Mama hivi. Siku zote ni Husna maji, Husna kuni. Leo akaniambia, mimi nilikuwa kama wewe. Nilikuwa darasa la tatu, nikaona aibu kumwomba mwalimu ruhusa ya kwenda chooni. Ikawaje Mama? Unafikiri ikawaje? Nikarudi nyumbani nimefunga sweta kiunoni, na jua linawaka!

Tulicheka mpaka beseni likatikisika. Nikalidaka.

Nilitaka kumwambia palepale. Mdomo ulikuwa tayari kabisa. Lakini nikisema, Mama ataondoka na beseni lake, na Baba atakuja na jembe. Nitapoteza vyote siku moja. Wao watatu, na hizi asubuhi.

Jumanne, 24 Juni

Wamejivua ngozi! Ngozi tatu, nyepesi kama karatasi ya pipi, hata mahali pa macho pameonekana. Nilikuwa nimeinua moja dirishani niitazame kwa mwanga — na nje ya dirisha kuna Klara.

Nilijua! akasema. Jogoo hazai!

Nilifikiri atapiga kelele. Akaingilia dirishani. Akachuchumaa mbele ya spika, akanyamaza, jambo ambalo sijawahi kuliona. Kisha: wana majina? Sikuwa nimewapa. Basi akawapa yeye hapohapo. Besi na Treble, kama sauti za spika, na yule mwenye aibu — Husna Mdogo. Nikakataa. Akasema jina likishatolewa halirudi dukani.

Chakula pia tumewapa, sasa wamejivua wako tayari. Panya wachanga, wekundu, kutoka kiota cha ghalani. Niliwaonea huruma nao. Sitaandika zaidi. Wote watatu wamekula! Husna Mdogo alingoja tugeuke.

Alhamisi, 26 Juni

Chakula cha mchana. Baba kakasirika, panya wametafuna mbegu za viazi, gunia zima. Mwaka huu panya wamezidi, anasema.

Mama: wamezidi tangu ulipomuua yule wa ghalani.

Baba: sasa unataka nifuge nyoka, mama Husna?

Akacheka. Mama hakucheka. Na mimi — sijui nini kilinipata — nikasema: hakuwa na sumu.

Kwa sauti! Mezani! Wakanigeukia wote wawili kama vile jagi limeongea.

Nani kakwambia? Kitabu, Baba. Hicho kitabu kimeshawahi kulala ghalani kwangu? Hapana, Baba. Akatafuna kidogo, ananiangalia. Kumbe una sauti, akasema. Na akanisogezea mboga.

Jumamosi, 28 Juni

Balaa. Boflo zimeuzika mno, Baba kafurahi, anataka kumtengenezea Mama spika la pili la kuumulia unga. Kubwa zaidi. Ameshapata mbao. Leo anafungua hili langu aone limeundwaje. Namsikia uani anatafuta bisibisi, anamuuliza jogoo.

Klara amekuja dirishani mbio. Walete kwetu! Nikamuuliza, mama yako je? Mama akiwaona atahama yeye. Sawa, basi ndoo, tuwafiche shambani mpaka jioni. Ndoo ninayo hapa, maranda nimeshaweka. Nikafungua wavu.

Besi na Treble wamelala chini ya kifuu. Husna Mdogo katoka. Yuko nje kabisa, juu ya kifuu, mchana kweupe, kichwa juu, ulimi unatoka na kurudi. Hajawahi kutoka kuna mtu anamtazama. Hata siku moja.

Nimeshindwa kumtia kwenye ndoo.

Nimemwambia Klara aende. Akasema una wazimu. Hajaenda, naona nywele zake chini ya dirisha.

Ndala za Mama kwenye korido. Polepole, beseni zito. Bisibisi bado haijapatikana. Nafanya mazoezi: Mama, kabla hujatua beseni, kaa kwanza. Mama, kabla hujatua beseni, kaa kwanza. Nina watu nataka uwaone.

Mguu umegonga. Husna, fungua mwanangu, mikono imejaa.

Daftari hili linaingia chini ya godoro. Wavu nauacha wazi. Mama, kabla hujatua beseni —