Nguzo ya Fatima

Kaka yangu Imomdod,

Salamu zikufikie huko Moscow. Ningekutumia na mkate wa Mama, lakini dereva niliyempa barua hii amekataa kuubeba. Hujambo? Mgongo ulioutegua kazini umepona? Sisi ni wazima. Mama anakohoa kidogo, ila nguvu za kugombana na mbuzi anazo, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Simu hazishiki tangu theluji iangushe mnara, ndiyo maana umeona kimya.

Najua unangoja habari za nyumba mpya. Saruji yako ilifika, na mabati pia. Agizo lako nilimsomea Mama kama ulivyoliandika: nyumba ya zamani ibomolewe kabla miaprikoti haijachanua, maana Mehrangez amesomea ujenzi Dushanbe, na akiona kuta za udongo na dari jeusi kwa moshi atauvunja uchumba. Mama hakubisha. Alichukua unga akazipaka nguzo zote tano kama tufanyavyo sikukuu ya mwaka mpya, Navruz, na Navruz ilikuwa bado mbali. Alikuwa anaziaga. Iliniuma sana, kaka, na nilikukasirikia kwelikweli.

Basi Ami Qadamsho akaja na nyundo yake kubwa. Akainama mlangoni, akaisalimia nyumba, “Ya Ali madad,” kama tunavyosalimia sote hata pasipo na mtu ndani. Mama akampa chai ya maziwa yenye chumvi na siagi. Akanywa huku anatazama juu, ile miraba minne ya magogo inavyopandana hadi kwenye dirisha la paa, akatusimulia jinsi babu yake alivyoipachika bila msumari hata mmoja. Kisha akaenda zake. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na kesho kutwa. Nikamuuliza atabomoa lini.

“Mwanangu,” akasema, “nimeshaisalimia. Nitaipigaje nyundo?”

Nikamshauri siku inayofuata aingie bila salamu. Alijaribu, maskini. Alifika nguzo ya kwanza, akageuka, akatoka nje, akaingia upya na salamu yake. Chai ikachemshwa.

Tukiwa katika hali hiyo, Mehrangez akatutokea bila taarifa. Alikuwa amekuja likizo kwa shangazi yake ng'ambo ya mto. Mama alikuwa ameenda mferejini, na mimi nilikuwa juu ya paa nafagia theluji, nikamwona kupitia dirisha la paa. Nilidhani ataziba pua. Kumbe aliinama, akaisalimia nyumba tupu kwa sauti, akazigusa nguzo moja moja, ya Muhammad, ya Ali, ya Fatima, ya Hasan na ya Husein, halafu akatoa futi kamba akaanza kupima.

Nilishuka mbio nikimwomba radhi kwa masizi. Nikamwambia asijali, nyumba inabomolewa wiki hii hii. Akaacha kupima, akauliza nani kasema. Ningesemaje? Nilikutaja.

Akaniuliza kama umewahi kuinua macho ukatazama dari la kwenu. Alisema chuoni walimu wao huonyesha dari kama hili kwenye picha tu, maana mengi yamebomolewa. Miraba hiyo minne ni ardhi, maji, hewa na moto, na paa limebebwa na nguzo, hivyo ardhi ikitikisika ukuta unaweza kuanguka na watu wakasalimika. Nyumba yetu ni ndogo, alisema, lakini haijaharibiwa mahali popote. Mama alikuwa amesharudi, kasimama mlangoni na ndoo yake, kasikia yote. Hakuzunguka mbuyu. Alimuuliza kama angekubali kuishi humu.

“Mama, mimi siku ya harusi nataka kukalishwa penye nguzo ya Fatima kama mama yangu alivyokalishwa,” akajibu. “Huko kwenye saruji Imomdod atanikalisha wapi, kwenye kochi?”

Mama alicheka hadi kikohozi kikamshika.

Sasa vuta pumzi, kaka. Saruji yako imekwisha. Ami ameijengea bafu na choo nyuma ya nyumba, mlango ukitokea ndani, kwa mchoro wa Mehrangez mwenyewe, maana alisema urithi ni urithi lakini usiku kwenye theluji hatoki kwenda haja. Mabati tumeezekea zizi, na mbuzi wako sasa wanaishi kisasa kuliko sisi. Si hayo tu. Wazazi wake wamekuja, wamekula, na Mama amewapa neno kwa niaba yako: harusi ni miaprikoti ikichanua. Ukitaka kukasirika, kasirika, lakini soma kwanza alichonipa Mehrangez nikufikishie: “Mwambie akiivunja nyumba ile, ameuvunja na uchumba.”

Mama anakubusu paji la uso. Ami anakusalimu, na nyundo ameirudisha kwake. Safari njema, maana najua utakata tiketi kabla hujaikunja barua hii. Bibi harusi ameshachagua pa kukaa. Tunamngoja bwana harusi.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Savsan